Maswali na majibu: saizi za tairi za nyuma kwenye lori la tairi mbili-mbili

Nina Canter inayobeba ndizi kutoka Tukuyu kwenda Mbeya. Ilikuja na tairi za 7.50R16. Fundi ananishauri nifunge 8.25R16 nyuma ili ibebe zaidi. Nimsikilize? (Dereva, Rungwe)

Usinunue bado. Kwanza chukua futi ya kupimia uingie chini ya gari.

Pima kutoka ubavu wa kushoto wa tairi ya ndani hadi ubavu wa kushoto wa tairi ya nje. Huo ndio umbali kati ya katikati ya tairi hizo mbili, na hauwezi kuubadili bila kubadili rimu. Tuseme umepata milimita 250. 7.50R16 ina upana wa karibu milimita 215, kwa hiyo kati ya tairi na tairi inabaki nafasi ya 35. 8.25R16 ina karibu 235, inabaki 15. Gari likishapakiwa, ubavu wa tairi hutuna pale chini inapogusa lami, na hizo 15 zinakwisha. Tairi zinasuguana, mpira unachemka, kisha unasikia mlio ukiwa katikati ya mteremko. Hata zisipogusana, nafasi ikiwa finyu hewa haipiti kati yake, na jiwe la barabara ya vumbi likiingia halitoki. Litakula mbavu za tairi zote mbili.

La pili ni rimu. 7.50 hukaa kwenye rimu ya upana wa inchi 6.00, ilhali 8.25 imetengenezewa 6.50. Muulize fundi wako kama amelihesabu hilo.

La tatu ni kipenyo. 7.50R16 ina karibu milimita 805, na 8.25R16 karibu 855, yaani asilimia 6 zaidi. Spidometa ikisoma 80, wewe uko 85. Nguvu ya kusukuma kwenye gurudumu inapungua kwa kiasi hichohicho, na breki pia inazidi kuelemewa. Ukiteremka kutoka Uporoto na ndizi mgongoni utaiona tofauti.

Na jambo linalosahaulika kila siku: tairi kubwa haiongezi nguvu ya springi, ekseli wala chasisi. Ukitaka tairi imara zaidi, baki na 7.50R16 lakini utafute iliyoandikwa 122/118 (namba za uzito, nimezieleza chini kwa utingo wa Iringa). Ukihitaji kipenyo hichohicho kwenye rimu za inchi 17.5, 225/80R17.5 nayo ina karibu 805.

Tairi moja ya ndani imepasuka, pacha wake bado nzuri. Ninunue moja au mbili? (Mfanyabiashara wa mbao, Makambako)

Mama, inategemea hiyo iliyobaki imeliwa kiasi gani. Usikisie kwa macho. Zungushia futi ya kushonea nguo katikati ya kashata (uso wenye mifereji unaogusa barabara) tairi ikiwa na upepo wake kamili, usome mzunguko. Fanya hivyo kwa tairi unayotaka kuioanisha nayo. Kwa tairi za ukubwa wa hadi 8.25, mizunguko isitofautiane zaidi ya milimita 19. Kwa zile kubwa kuanzia 9.00, mwisho ni milimita 38.

Sasa angalia hesabu. Tairi mpya ina kina cha kashata cha milimita 13 hivi. Ikiwa pacha wake amebaki na 5, kipenyo kimepishana kwa 16, na mzunguko kwa 50 hivi. Tairi hizo zimefungwa kwenye kitovu kimoja, haziwezi kuzunguka kwa mwendo tofauti. Kwa kila kilomita, ile tairi ndogo inapaswa kwenda karibu mita 20 pungufu, na kwa kuwa haiwezi, inaburuzwa. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu, kama kilomita 70, ni zaidi ya kilomita moja ya kuburuzwa. Mpya, ambayo ndiyo ndefu, inabeba mzigo wa wote wawili na kuchemka. Kuukuu inasagika haraka. Ndiyo maana watu hulalamika kwamba tairi mpya imepasuka ndani ya mwezi mmoja, wakimlaumu muuzaji.

Kwa hiyo nunua mbili, uzifunge pamoja upande mmoja. Ile nzuri iliyobaki iwe spea taya, au ioanishwe na nyingine iliyolika sawa nayo. Zikipishana kidogo ndani ya kiwango, ndogo iwe ndani na kubwa iwe nje, kwa sababu barabara imeinuka katikati na tairi ya ndani hulemewa zaidi. Upepo wa pacha usipishane zaidi ya psi 5 (psi ndiyo kipimo cha upepo). Na kamwe usichanganye tairi ya waya, ile yenye R kwenye saizi, na ya nailoni kwenye ekseli moja.

Namba kama 152/148 kwenye ubavu wa tairi zina maana gani? (Utingo, Iringa)

Ni uzito ambao tairi inaweza kubeba. Namba ya kwanza ni ikifungwa peke yake, ya pili ikiwa mbili-mbili. 152 ni kilo 3,550 na 148 ni kilo 3,150. Ile 122/118 ya Canter ni kilo 1,500 na 1,320. Nyuma zidisha ya pili mara nne: 1,320 mara 4 ni kilo 5,280, na humo kuna uzito wa gari lenyewe. Herufi inayofuata ni mwendo wa juu, L ni kilomita 120 kwa saa.

Pembeni soma pia namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ikikaa stoo miaka mingi mpira hukakamaa, hata kama haijagusa barabara.

Semi tela yetu ina 295/80R22.5. Tumepata 315/80R22.5 kwa bei nzuri. Tuzifunge? (Mmiliki, Mafinga)

Rimu zikiwa za inchi 8.25, hapana. 315/80 hutaka rimu ya 9.00, na umbali wa katikati hadi katikati wa karibu milimita 350. Kipenyo chake ni karibu 1,076 dhidi ya 1,044. Kichwa chenye ekseli mbili za kusukuma kisiwe na moja ya 315 na nyingine ya 295, difu ya kati (inayogawa mwendo kati ya ekseli hizo mbili) haitapumzika na mafuta yake yataungua. Ukiwa na rimu za 9.00 na nafasi ya kutosha, badilisha zote za ekseli hizo kwa pamoja.

Kumbuka mizani haikuongezei tani kwa sababu ya tairi kubwa: ekseli moja yenye tairi nne ni tani 10, mbili pamoja zenye tairi nane ni 18.

Walio na rimu za inchi 20: 11.00R20 hulingana kwa kipenyo na 12R22.5, na 10.00R20 na 11R22.5. Lakini rimu lazima zibadilike.

Njombe alfajiri napima upepo, nikifika Kyela nakuta umezidi. Nipunguze? (Dereva)

Usipunguze. Tairi imepata joto la safari na la Kyela. Kwa kila nyuzi 10 za joto tairi ya psi 100 hupanda karibu psi 4. Ukiutoa, kesho asubuhi kwenye baridi ya Njombe utakuwa na tairi laini, na pacha aliye laini humwachia mwenzake mzigo. Pima gari likiwa limepumzika, na ya ndani usiiruke kwa sababu mkono haufiki. Nunua valvu ndefu. Kupiga tairi kwa nyundo hakutakuonyesha pungufu ya psi 15.

Baada ya kufunga tairi mpya, nati za nyuma zinalegea. (Fundi, Uyole)

Kwenye Fuso na Isuzu za zamani kila stadi (bolti ya gurudumu) ina nati mbili: ya ndani yenye kichwa cha mraba inayoshika rimu ya ndani, na ya nje inayoshika ya nje. Ukikaza ya nje tu, ya ndani inabaki imelegea chini yake. Legeza ya nje, kaza ya ndani, kisha rudisha ya nje, moja baada ya nyingine kwa mshazari. Upande wa kushoto nati nyingi zimeandikwa L, zinafunguka kwa kuzungusha upande wa mshale wa saa. Anayelazimisha kinyume anakata stadi. Safisha kutu na rangi kwenye uso wa rimu kabla ya kufunga, kisha kaza tena baada ya kilomita 50 hadi 100.