Mmeuliza Njia, Mimi Nataja Saa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Ukienda kazini kwa baiskeli, unapita njia ipi iliyo salama na isiyokuchosha?", nimelisoma nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, namsubiri fundi azibe pancha. Jumapili mkwe wangu aliniuliza hilohilo, nikamjibu ovyo kwa kuwa chakula kilikuwa kimeshaandaliwa. Sasa nina nafasi.

Mimi natoka Mabibo naenda Gerezani, hapa Dar es Salaam, miaka 11 sasa, kwa Phoenix nyeusi. Stoo ya vifaa vya ujenzi inafunguliwa saa 1 na nusu na funguo ninazo mimi, kwa hiyo kuchelewa kwangu ni kuchelewa kwa watu tisa. Njia ninazo mbili. Unaweza kupanda hadi Manzese ukashika Barabara ya Morogoro: Magomeni, Jangwani, Faya, umefika. Au unakatiza Mburahati na Kigogo hadi kipilefti, unaingia Kawawa, unatokea Karume. Wapo watakaowaandikia wanapita Mandela. Mandela ni ya malori ya bandarini, na dereva aliye juu ya semitrela hakuoni hata uvae shati la njano. Tuiache.

Nilikalia ndoo hii nikiwa na nia ya kuwaambia watu waikimbie Morogoro. Mwendokasi, yale mabasi yenye barabara yake, ulipoanza mwaka 2016 na sisi tulipata njia yetu ya pembeni, waenda kwa miguu na baiskeli, tukafurahi. Furaha haikudumu. Ukipita saa 2 asubuhi utakuta mkokoteni wa maji, muuza vocha na mwavuli wake, gari la mtu "aliyesimama dakika moja tu", na bodaboda zinazokimbia foleni. Baiskeli ndiyo inayoombwa ipishe.

Na mimi yalinikuta. Ilikuwa 2018, mwezi wa saba, kibaridi. Saa 1 kasorobo niko Magomeni Mapipa, kabla mteremko wa Jangwani haujaanza. Barabarani magari yamesimama, mimi nateleza pembeni najiona mjanja. Mara honi nyuma yangu. Bodaboda amepanda njia yetu na mishikaki, abiria wawili, na goti la yule wa nyuma likagusa usukani wangu. Nikakata kushoto. Kushoto kulikuwa na mama anauza maandazi, beseni la buluu juu ya kigoda. Mama aliwahi kuruka. Beseni halikuwahi.

Nilianguka kiwiko kwanza, halafu nikasikia joto mgongoni, nikadhani damu. Ilikuwa chai ya mteja. Bodaboda alisimama mbele kidogo, akageuka, akasema, "Mzee, samahani, nawahi," akaondoka kweli. Watu wakaniinua. Mmoja akanyoosha usukani wangu kwa kubana tairi kati ya magoti, kama fundi. Mama yeye alikuwa amechuchumaa anahesabu. Alihesabu kwa sauti, na kila andazi lililogusa chini aliliweka upande wangu. Alipofika 31 akanitazama.

"Baba, mbona hukupiga kengele?"

Nikamwambia aliyekosea ni bodaboda. Akasema bodaboda ameshaenda, wewe upo, na swali lake ni la kengele. Kengele sikuwa nayo. Ilikuwa imeibwa pale sokoni miezi mingi nyuma, nikaona si kitu. Maandazi 31 kwa shilingi 100 ni 3,100, na mfukoni nilikuwa na 2,000. Nikampa. Nikaahidi 1,100 kesho. Akasema kesho nimuwahi, anakaa kuanzia saa 11 na nusu na beseni likiisha haoni sababu ya kubaki. Kisha akanifungia yale maandazi yote 31 kwenye gazeti, maana nimeyanunua. Stoo nzima ilikula, yakipulizwa vumbi, na hadi leo kuna kijana pale ananiita Mzee Andazi.

Kesho yake nikaondoka nyumbani kabla hata ya saa 12, kwa ajili ya deni tu. Nikashangaa. Njia ya pembeni ilikuwa tupu kuanzia Manzese hadi Mapipa. Bodaboda walikuwepo, tena wengi, lakini wote barabarani. Foleni ilikuwa haijaanza, hawakuwa na sababu ya kuja kwangu. Mwenye vocha alikuwa bado analala. Nilimkuta mama, nikalipa, nikanywa chai, nikafika Gerezani jasho halijatoka.

Basi, Mhariri, swali lenu lina kasoro. Barabara ileile niliyotaka kuilaani ni njia nzuri saa 12, na ni balaa saa 1 na robo. Na Kigogo niliyotaka kuisifu, saa 12 ni giza, lami nyembamba haina pembeni, mitaro ya Mburahati haina mifuniko, na ukidondoka unaweza kukaa muda kabla mtu hajapita. Naandika hivi najishangaa, maana Jumapili nilimwambia mkwe wangu apite Kigogo.

Jioni ni habari nyingine. Kuanzia saa 11 viatu vya mtumba na samaki wa kukaanga wameshatandazwa njia nzima kule Magomeni, na huwezi kumlaumu mtu anayetafuta riziki. Tena unaelekea magharibi, jua liko usoni mwako na usoni mwa dereva aliye nyuma yako. Jioni ndipo napita Kawawa na Kigogo, polepole. Kwenye kipilefti nashuka nakokota, na sioni aibu.

Kwa hiyo mkwe wangu, kama unasoma: asubuhi Morogoro, ila uwe umeshavuka Jangwani kabla ya saa 12 na nusu. Funga kengele, na taa pia, kwani miezi ya kati alfajiri ni nyeusi. Kaza breki kabla ya ule mteremko wa baada ya Mapipa. Kama kazi yako inaanza saa 3 na wewe si mtu wa kuamka, basi sahau niliyosema, panda daladala. Na mvua ikinyesha usiku kucha usiisogelee Jangwani, Mto Msimbazi ukijaa hata mwendokasi haupiti. Siku hiyo jaribu Kigogo, kama Kigogo nako kunapitika.