Jibu: Ajali ikitokea kwenye kinu cha nyuklia, nani anaamuru watu wahame, kinu au serikali?

Ndugu, ni serikali. Kwa utaratibu wa Marekani, kinu hakina mamlaka ya kumhamisha mtu yeyote nje ya uzio wake. Kinatangaza daraja la dharura (yako manne), na ndani ya dakika 15 kinaziarifu mamlaka za jimbo na kaunti. Dharura ikifika daraja la juu kabisa, kinatoa pia pendekezo: watu wahame au wajifungie ndani. Uamuzi ni wa gavana au viongozi wa kaunti, kutegemea sheria za jimbo.

Mambo huharibikia kwenye fomu ya taarifa ambayo kinu huzisomea mamlaka hizo kwa simu. Upepo huandikwa kule unakotoka: nyuzi 270 ni upepo wa magharibi, kwa hiyo wingu la mionzi linaelekea mashariki. Mpokeaji akielewa kinyume, anahamisha watu wasiohusika na kuwaacha walio hatarini. Basi taarifa isomwe tena kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, kabla simu haijakatwa.

Umbali wa kilomita 80 kutoka kwenye kinu, unaotajwa katika mipango ya dharura, si wa kuhamisha watu. Ni wa kudhibiti maziwa, mazao na maji. Uhamishaji hupangwa kwa kilomita kama 16. Zoezi la pamoja hufanyika kila baada ya miaka 2: NRC (tume ya Marekani inayosimamia vinu vya nyuklia) hukagua kinu, FEMA (shirika la serikali kuu la kushughulikia dharura) hukagua upande wa jimbo na kaunti.