Pikapu inayorukaruka nyuma ikiwa tupu: shughulikia springi kabla ya kununua shokapu

Ndugu yetu anauliza kama anunue shokapu za bei kubwa, kwa sababu pikapu yake yenye springi za bapa (vipande virefu vya chuma vilivyopangwa kimoja juu ya kingine) inaruka nyuma na kuhama upande kila anapopita kwenye barabara mbovu bila mzigo, ingawa akipakia inatulia. Ushauri wangu ni kwamba asinunue bado. Gari linalotulia likipakiwa huwa na springi zilizotengenezwa kwa uzito ambao siku nyingi haupo, na shokapu haiwezi kulainisha springi ngumu.

Jambo hili linapimika. Kwenye pikapu yangu niliweka mifuko ya mchanga ya jumla ya kilo 200 juu kabisa ya ekseli, nikaitikisa bodi ili springi zikae vizuri, kisha nikapima kutoka katikati ya gurudumu hadi kwenye ukingo wa bodi ulio juu yake, kabla na baada ya kupakia. Bodi ilishuka sentimita 3 tu. Kwa kiasi hicho, gari tupu ambalo springi zake za nyuma zinabeba kama kilo 450 linazikandamiza kwa takribani sentimita 7. Ukichukua 5 ukaigawanya kwa kipeuo cha pili cha sentimita hizo, unapata idadi ya mitikisiko ya bodi kwa sekunde, ambayo hapa ni karibu 1.9, wakati magari ya kawaida ya abiria huwa kati ya 1 na 1.5. Sasa ongeza kilo 500: mkandamizo unafika sentimita 14 na mitikisiko inashuka hadi 1.3, na hakuna shokapu iliyoguswa. Ndiyo maana mzigo unalituliza gari lake.

Kuhusu upepo wa matairi sitasema mengi. Matairi ya mizigo mizito yana kuta ngumu, na ukiyajaza upepo wa gari lililopakiwa kisha ukaendesha tupu, tairi haikusaidii chochote. Fuata kibandiko cha gari kwa hali ya kutokuwa na mzigo, pima matairi yakiwa baridi, na ukishusha zaidi kwa ajili ya njia mbaya punguza mwendo na urudishe upepo kabla ya kuingia lami.

Sehemu inayopuuzwa zaidi ni msuguano kati ya bapa na bapa. Kutu na mchanga vikikaa humo, springi haisogei kabisa kwenye vishimo vidogo, na kila kishindo kinapita moja kwa moja hadi kwenye chesisi. Egesha mahali tambarare, weka vizuizi kwenye magurudumu, fungua ncha za chini za shokapu, kisha kandamiza bodi kwa uzito wako wote: ikigoma, au ikishuka kwa kukwama na kutoa mlio, tatizo liko kwenye springi. Zangu nilipozifungua, ncha za mabapa ya chini zilikuwa zimechimba mfereji unaoshikika kwa kucha kwenye bapa la juu yake. Nilisugua kutu, nikalainisha kingo kwa tupa na kuweka vipande vya plastiki ngumu kwenye ncha. Girisi ya kawaida siipendekezi mahali penye vumbi, kwa sababu inageuka kuwa uji wa mchanga unaosaga chuma.

Wakati wa kurudisha, bolti za bushi, yaani raba zilizo kwenye matundu ya ncha za springi, zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa ekseli ikiwa inaning'inia, raba inabaki imepindika muda wote, springi inakuwa ngumu kuliko inavyopaswa, na bushi hukatika mapema. Angalia pia shakeli ya nyuma, yaani kiungo kinachoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi: gari likiwa tupu, ncha yake ya chini iwe imeelekea nyuma kidogo. Waliopandisha gari kwa springi zilizopinda sana huikuta imesimama wima au imeelekea mbele, na hapo springi inakosa nafasi ya kunyooka bila kulisukuma gari juu.

Kabla ya kulaumu kingine, paka chokaa kwenye raba inayozuia ekseli kugonga chesisi, kisha pita njia yako ya kawaida. Chokaa ikifutika kwenye vishimo vya kawaida, unachosikia ni ekseli kufika mwisho wa safari yake, na springi laini zaidi zitaongeza tu hali hiyo.

Ikiwa yote hayo ni mazima na bado gari ni gumu, hapo badilisha seti ya springi kwa kuzingatia uzito unaoubeba kila siku, pamoja na vifaa vya kudumu kama tangi la pili na sanduku la spana. Kutoa bapa moja ni njia ya mkato nisiyoipenda, kwa kuwa yanayobaki yanabeba mkazo zaidi. Na bapa nene la chini, kwenye magari mengi, haligusi kitu gari likiwa tupu, hivyo kulitoa hakuleti ulaini wowote. Weka yubolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli), na uzikaze tena baada ya kuendesha kidogo. Mzigo mzito ukiwa wa mara chache, mifuko ya hewa ya kusaidia springi, inayokaa kati ya ekseli na chesisi, ikiwa na presha ndogo inafaa, ila haiongezi uwezo wa gari: inasukuma chesisi sehemu moja, na mzigo unaoning'inia nyuma ya ekseli unaweza kuikunja chesisi hiyo.

Shokapu zije mwisho, zilizopangwa kwa springi hizo mpya. Ukichagua zenye ukinzani mkubwa mno wakati wa kurefuka, kwenye barabara yenye mawimbi mfululizo gurudumu halipati muda wa kurudi chini kabla ya wimbi linalofuata, bodi inazidi kushuka, na mrusho unaoulalamikia unarudi.