Data za testi kwenye Ruby: anza na mtoto, mzazi atafuata

Kwa nyie mnaoanza Rails na FactoryBot (zana ya kutengeneza data za testi kwa kutumia faktori, yaani maelezo ya jinsi ya kuunda kila modeli), kuna kitu nataka mkishike mapema maana mimi kilinila siku nzima. Tuseme una modeli ya Order yenye Items nyingi. Akili inakutuma uanze na order halafu umrundikie items humohumo kwenye faktori yake. Usifanye hivyo. Anayebeba order_id kwenye database ni item, kwa hiyo anza na faktori ya item, ndani yake andika tu neno `order`, mzazi atatengenezwa mwenyewe. Faktori ya order iwe na vitu vya lazima tu, vile vya kupita validesheni.

Sasa penye shida ni hapa. Nilitengeneza order, mstari unaofuata nikaandika `create_list :item, 3`, testi ikapita kijani kabisa kwa sababu ilikuwa inacheki Item.count, na kweli zilikuwa 3. Wiki kadhaa baadaye naandika testi ya jumla ya bei inaniletea sifuri, nahangaika na code ya hesabu wakati haina kosa lolote. Kuja kuangalia Order.count naona 4! Kila item ilikuja na order yake, na ile yangu imekaa tupu. Dawa ni kumtaja mzazi kila mara: `create_list :item, 3, order: order`.

Ukiona unarudia huo mstari kila faili, uweke kwenye trait (nyongeza ya faktori unayoiwasha pale tu unapoitaka), tuiite `:with_items`, ndani ya after create (sehemu inayoendeshwa order ikishahifadhiwa), na idadi uipitishe kama transient, yaani thamani ya kutumiwa na faktori tu, haihifadhiwi kwenye order. Kwa nini trait na sio faktori yenyewe? Kwa sababu ukiiweka kwenye faktori, siku ukiita `create :item` moja tu, order itakayozaliwa nayo itazaa zake 3 na utakuta items 4 bila kujua zimetoka wapi. Na ukisahau `order: order` hapo ndani ya faktori, item anaita order, order anaita items, wanazungukana mpaka Ruby inakwambia stack level too deep.

Malizia na `order.reload`, maana kama order.items ilishasomwa ikiwa tupu inaweza kubaki hivyo kwenye memori. Pia kumbuka after create haiguswi ukitumia build (inaunda bila kuhifadhi kwenye database), hapo items utazipitisha mwenyewe. Idadi yenyewe, 2 zinatosha karibu kila testi, kila unayoongeza ni INSERT nyingine kwenye database.