Mchumba wako ni kabila gani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Pangani. Hatujambo sote. Mvua za vuli zilichelewa lakini zimekuja, na bibi yako sasa anatembea hadi kisimani bila mkongojo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema shangazi yako alikupigia, akakuuliza huyo mchumba ni kabila gani, ukakosa la kumjibu. Ila kilichokuumiza si swali la wifi yangu. Kilichokuumiza ni kwamba ulipomuuliza kijana mwenyewe ulipata majibu manne. Kazini anajulikana kuwa Mhondurasi, mtu wa Honduras ya Amerika ya Kati. Kwa mama yake ni Mgarifuna. Kwenye fomu ya kazi huko Marekani alitia alama kisanduku cha Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, halafu akashuka chini akatia tena kile cha Weusi. "Mama, hana msimamo, au mimi ndiye sielewi?"

Ana msimamo, mwanangu. Majina yote manne ni yake, na kila moja lina lilikotoka. Miaka kumi na tisa niliyokaa Bronx, huko New York, nikihudumia wazee majumbani, sehemu kubwa ilipita jikoni kwa watu wa kwao, na yale masomo ya jioni ya anthropolojia, elimu ya watu na desturi zao, niliyachukua kwa sababu yao.

Nianze na la fomu, kwa kuwa ndilo jepesi. Ulatino si kabila. Hakuna kijiji Honduras wala Meksiko ambako mtoto huzaliwa akaambiwa, wewe ni Mlatino. Mtu hulikuta jina hilo Marekani, kama mimi nilivyotoka hapa Mzigua wa Pangani, nikateremka New York nikawa Mwafrika. Na visanduku vyenyewe havikai mahali pamoja. Sensa yao ya 1930 iliwaandika Wameksiko kuwa rangi ya peke yao; ya 1940 ikawarudisha kwenye Weupe. Mwaka 1976 Bunge lao likatunga sheria ya kukusanya takwimu za watu wenye asili ya Kihispania, ndio hao Walatino, na sensa ya 1980 ndiyo iliyoanza kumuuliza kila mtu swali hilo. Asili ikaulizwa mbali na rangi, ndiyo maana mchumba wako alitia alama mara mbili. Mwaka 2024 serikali ikaamua maswali hayo yawe moja.

Mwaka 2020 walihesabiwa watu milioni 62.1 kwenye kisanduku hicho. Humo yumo mtu wa New Mexico ambaye mababu zake hawakuhama kokote. Mpaka ndio uliohama mwaka 1848, Meksiko iliposhindwa vita. Yumo Mpuertoriko ambaye ni raia wa Marekani tangu anazaliwa, kwa sheria ya 1917, na bado huulizwa vibali. Yumo Mzapoteki, mwenyeji wa asili wa Oaxaca kule Meksiko, ambaye Kihispania kwake ni lugha ya shuleni, kama Kiingereza kwetu. Sisemi jina hilo ni la uongo. Watu wamelishika, wameungana kwalo, wamedai haki kwalo. Lakini shangazi yako hakuuliza habari za fomu.

Aliuliza kabila, na jibu la hapo ni Mgarifuna. Hapa nitakaa kidogo.

Watu hao walianzia kisiwa cha St. Vincent, kwenye bahari ya Karibi. Waafrika waliokwepa utumwa walichanganyika pale na wenyeji wa kisiwa, Wakaribi na Waarawaki, wakaoana nao na kuchukua lugha yao. Waingereza waliwaita Wakaribi Weusi, wakaitaka ardhi yao walime miwa. Vita ikapigwa. Kiongozi wao Joseph Chatoyer, ambaye wenyewe humwita Satuye, akauawa mwaka 1795. Walioshindwa walifungiwa kwenye kisiwa kidogo cha Balliceaux, na karibu nusu yao wakafia humo kwa maradhi na dhiki katika muda wa miezi. Waliobaki, kiasi cha watu 2,000, wakapakiwa melini wakaenda kuachwa Roatán, kisiwa cha Honduras. Hiyo ni tarehe 12 Aprili 1797, na mpaka leo Wagarifuna wa Honduras huiadhimisha kwa ngoma. Kutoka Roatán wakavuka kwenda bara, wakaenea pwani ya Honduras, Guatemala, Belize na Nikaragua.

Mimi sikuyasoma hayo kwanza. Nilianza kuyanusa. Siku ya kwanza kwa bibi mmoja niliyepangiwa, ghorofa ya sita, nilifungua mlango nikakutana na harufu ya samaki wa nazi. Nilisimama pale na begi langu mkononi, machozi yakanitoka. Alikuwa amechemsha ndizi, anazitwanga kwenye kinu kirefu cha mti, mchi unapanda na kushuka, na jirani wa chini anagonga mabomba kulalamika. Chakula hicho huitwa hudutu. Unamega tonge la ndizi unachovya kwenye mchuzi wa tui. Alinikalisha nikala kabla ya kumpima presha.

Dawa zake tulikuwa tukizihesabu pamoja, kwa Kihispania changu cha kubahatisha. Siku moja akahesabu kwa lugha yake: aban, biama, ürüwa, gadürü, seingü, sisi. Nikamshika mkono. "Sisi?" Akarudia, sisi, huku akinionyesha kidonge cha sita. Baadaye darasani nikaambiwa kwamba tatu za mwanzo ni za wenyeji wa kisiwani, na kuanzia nne wamezichukua kwa Wafaransa walioishi nao St. Vincent. Nikazitazama namba zetu: sita, saba, tisa, zote za Waarabu. Basi historia ya watu wa pwani ile imo kwenye vidole vya mikono, kama yetu.

Uhondurasi wake nao ni wa kweli. Ni shule aliyosoma, timu anayoishangilia, pasipoti iliyomleta. Wanaume wa Kigarifuna walifanya kazi kwenye bandari za kampuni za ndizi, Tela na La Ceiba, kisha wakaingia kwenye meli zenyewe. Wakati wa Vita vya Pili meli za biashara za Marekani zilihitaji mabaharia, wakapanda, na wengine wakabaki New York. Ndugu wakafuata. Pwani yenyewe imeendelea kuwabana: mashamba ya michikichi na hoteli vimemega ardhi ya vijiji, hadi mwaka 2015 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikaihukumu Honduras katika kesi za jamii mbili za Kigarifuna. Mtu aliyepoteza shamba la mihogo haendi Bronx kwa tamaa.

Mkifika East Tremont, mtaa wa Bronx, mwombe akupeleke kwenye mnara wa kumbukumbu wa moto wa Happy Land, ukumbi wa dansi. Tarehe 25 Machi 1990 watu 87 walikufa ukumbini, wengi wao Wahondurasi, na wengi wa Wahondurasi hao walikuwa Wagarifuna. Bibi yangu wa ghorofa ya sita alikuwa akienda kila Machi na mshumaa. Mara mbili nilimshika mkono tukaenda naye. Nyumba nyingi za watu wake ziliguswa usiku ule, kwa hiyo ukisikia ukweni wanashusha sauti mwezi wa Machi, nawe shusha.

Na Weusi? Hilo hakulichagua. Nilikwenda na bibi huyo huyo duka la kona, muuzaji akawa anacheka na wateja kwa Kihispania, tulipofika sisi akabadilika akatusemesha Kiingereza cha mkato. Bibi akamjibu kwa Kihispania kilichonyooka. Yule kijana akashtuka, akamuuliza amejifunzia wapi. Mwanamke wa miaka sabini na nane, anaulizwa amejifunzia wapi lugha aliyoisoma tangu darasa la kwanza. Alilipa, akakusanya chenji yake, hatukuzungumza mpaka tulipoingia kwenye lifti. Mchumba wako hukutana na hayo kila wiki. Kwa Walatino wenzake ni mweusi mno, kwa Wamarekani Weusi lafudhi yake ni ya kigeni. Akitia alama visanduku viwili, anaandika anavyoishi.

Kuna jambo jingine uliligusia kwa haraka, kwamba amelelewa na bibi yake, baba hakuwepo, mama alikuwa New York, na rafiki yako akasema familia za namna hiyo zina matatizo. Mwanangu, maneno hayo yana umri. Oscar Lewis, mwanaanthropolojia aliyekaa na familia maskini za Meksiko na Puerto Rico, alieneza nadharia ya utamaduni wa umaskini, kwamba umaskini hurithishwa watoto kama desturi. Niliposoma nilikasirika. Nancie González, aliyeanza kuwachunguza Wagarifuna miaka ya 1950, alitazama kazi: wanaume wanapolazimika kusafiri kutafuta mshahara, nyumba husimama juu ya mama na bibi, na husimama kweli.

Wewe mwenyewe ulikaa kwa bibi yako hapa Pangani tangu una miaka mitano hadi kumi na moja. Nilikuwa nikituma pesa ya ada na viatu, nikiwalisha wazee wa watu kwa kijiko wakati wewe unalishwa na mwingine. Ulipofika uwanja wa ndege ukaniamkia "shikamoo" kama unavyomwamkia mgeni, ukarudi nyuma ya mhudumu wa ndege. Sijawahi kukuambia nilivyolia usiku ule. Niliyemwambia ni yule bibi, naye akaniambia wanawe watatu walimfanyia hivyo hivyo. Ndiyo maana ninaamini kijana wako atakuelewa mahali ambapo wengi hawatakuelewa.

Sasa shangazi yako. Usimpe neno Mlatino, litampita. Mwambie hivi: anawakumbuka wale Wazigua wa Somalia waliokuja Handeni, kambi ya Chogo? Mababu zao walichukuliwa kutoka huku kwetu karne ya 19, wakauzwa, wakatoroka wakalima bonde la Juba, na wajukuu wakarudi bado wanasema Kizigua. Wenzao waliokwenda Marekani walipewa jina la Wabantu wa Somalia, jina ambalo bibi zao hawakulijua. Wifi yangu aliwasikia kwa masikio yake, akarudi nyumbani analia, akisema wanaongea kama marehemu mama yake. Mwambie mchumba wako ni mtu wa namna hiyo: watu wake walitolewa kwao kwa meli, wakaandikwa majina waliyopewa na wengine, na lugha wameibeba. Ataelewa kabla hujamaliza.

Siku wakikuambia kwamba marehemu fulani amemtokea mtu ndotoni na anadai chakula, usishtuke. Wana tambiko lao, dügü, la ngoma za siku kadhaa, na watoto hurudi kijijini kutoka New York kwa ajili hiyo. Wengi wao ni Wakatoliki wazuri na hawaoni ugomvi. Uliza kinachohitajika, uchangie.

Kuhusu kuja kwao mwezi wa sita, mwambie mama yake asihangaike kubeba kinu kwenye ndege. Changu kipo, na mchi wake. Nazi tunazo nyumbani, ndizi nitaagiza Muheza. Aniambie tu anapenda samaki gani, nimwambie mvuvi mapema.

Mama yako