Maswali na majibu: vumbi, joto na taa ya projekta

Fundi, picha ina doa la kijani lenye kingo zilizofifia. Nafuta lenzi kila siku na doa halitoki.

Iache lenzi, ndugu yangu, doa haliko huko. Vumbi la kwenye lenzi ya mbele mara nyingi hupunguza mwanga tu na kuifanya picha iwe na ukungu. Doa lenye rangi, kwa projekta ya LCD (inayounda picha kwa kupitisha mwanga kwenye paneli ndogo), kwa kawaida ni vumbi lililotua kwenye mojawapo ya paneli tatu za ndani: nyekundu, kijani na bluu. Onyesha picha nyeusi tupu gizani, kisha zungusha pete ya fokasi, ile ya kuifanya picha iwe kali. Doa likizidi kuonekana wazi huku maandishi ya menyu yakififia, vumbi limeingia ndani. Hapo mpelekee fundi mwenye zana. Nimeona wengi wakifungua wenyewe kuondoa doa moja na kufunga na matatu.

Inazimika yenyewe baada ya muda, na feni inavuma sana. Taa imekufa?

Usikimbilie kununua taa. Dalili hizo mara nyingi ni za joto: chujio la hewa limeziba, feni inahangaika, na mashine inajizima ili isiungue. Zima, subiri feni isimame, chomoa waya, acha ipoe. Toa chujio, livute vumbi taratibu kwa mashine ya kufyonza au lipige brashi laini. Usilioshe kwa maji kama kitabu cha maelekezo hakiruhusu, na likichanika nunua jingine. Darasani kwenye vumbi la chaki, likague mara nyingi zaidi. Projekta nyingine, hasa za DLP (zinazounda picha kwa vioo vidogo sana vya kuakisi mwanga), hazina chujio kabisa. Kwa hizo safisha matundu ya hewa. Angalia pia kama umeisogeza mno ukutani. Hewa moto ikikosa pa kutokea, usafi wote huo hausaidii.

Dawa ya kusafishia madirisha inafaa kwa lenzi?

Hapana. Nyingi zina amonia, nayo huharibu utando wa lenzi. Anza kwa pulizio la mpira, maana ukifuta kabla ya kupuliza, chembe za mchanga hukwaruza kioo. Kisha tumia kitambaa cha maikrofaiba chenye tone la dawa ya lenzi. Tone liwe kwenye kitambaa. Hewa ya kopo, ile ya kupulizia vumbi, nayo iogope: baadhi ya makopo yana gesi inayoshika moto, na taa huwa na joto kali.

Naweza kubadilisha taa mwenyewe?

Ndiyo, kwa modeli nyingi, ikishapoa kabisa. Usiguse kioo chake kwa vidole. Mafuta ya ngozi huweza kusababisha kipasuke kikipata moto. Ukimaliza, rudisha hesabu ya saa za taa kwenye sifuri kupitia menyu. Taa hizi zina zebaki: ikipasuka, fungua madirisha na utoke chumbani kwanza. Ya zamani usiitupe na takataka za kawaida.

Niifunike?

Ndiyo, ikishapoa.