Usiandike Paris kwa fomu: mji wa kusomea Kifaransa mwezi wa saba

Nianze na jibu ndio mwenye haraka aende zake: kama umepata nafasi ya kwenda kusoma Kifaransa Ufaransa mwezi wa saba ama wa nane, na fomu imekuachia ule mstari wa kuchagua mji, usiandike Paris.

Najua, najua. Mama yangu alipotangaza kwa chama chao pale Nyalenda kwamba binti yake anaenda Ufaransa, wale wamama waliuliza picha ya ule mnara wa Eiffel itatumwa lini, na waliposikia mji wenyewe unaitwa Besançon wakanyamaza, halafu mmoja akauliza kama nina hakika huo mji uko ama ni ajenti ameniuzia hewa. Sikumlaumu, watu wa huku tumekula hasara ya kutosha na hizi safari za masomo. Lakini mji uko, na ningeletewa ile fomu leo ningeandika huo huo.

Mimi nafundisha Kifaransa shule ya upili hapa Kisumu, na kuanzia Januari hivi simu yangu hujaa meseji za vijana wa chuo, wengine wako Maseno, wengine Kakamega, wengine Njoro, na wote swali ni moja: mwalimu, nichague wapi? Nimechoka kujibu mmoja mmoja, kwa hivyo haya.

Fikiria mzungu amekuja Kisumu anataka kujua Kijaluo kwa wiki chache. Utamtafutia nyumba Milimani, mtaa wa wenye pesa? Huko ataongeleshwa Kizungu kuanzia kwa askari wa geti mpaka kwa mama wa mboga, atarudi kwao na salamu mbili tatu basi. Ukimtakia mema utampeleka Ugunja ama Bondo, akae bomani kwa mama ambaye hana haraka na pia hana Kizungu cha kumwokoa. Sasa Paris ndio Milimani. Mhudumu wa mkahawa akisikia umejikwaa kwa neno la pili anahamia Kiingereza hapo hapo, na si ati ni mtu mbaya, meza zimejaa na wateja wake wametoka dunia nzima, lakini wewe umelipa visa umelipa ndege umefika Ufaransa kuongea Kiingereza ulichofundishwa tangu nasari.

Na bei je. Mwaka wa 2025 tiketi moja ya metro, treni ya chini ya ardhi, ilikuwa yuro 2.50 na ile ya kutoka uwanja wa ndege kuingia mjini yuro 13, hesabu haraka haraka na shilingi 150 kwa yuro moja, yaani begi bado liko mkononi na umeshatoa karibu elfu mbili. Halafu ikifika Agosti wenyeji wenyewe wanahama kwenda likizo, unafika kwa duka la mkate la mtaa unapata karatasi imebandikwa mlangoni kwamba tutaonana mwisho wa mwezi, mliobaki ni nyinyi na watalii.

Besançon iko mashariki, karibu na mpaka wa Uswisi. Mto Doubs umeuzunguka mji wa zamani karibu pande zote, na juu kwa mlima kuna ngome aliyoichora Vauban, mhandisi wa zamani wa jeshi la Ufaransa, imo kwa orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia tangu 2008. Mwandishi Victor Hugo alizaliwa pale mwaka wa 1802 na utaambiwa hata kama hujauliza. Watu wake ni laki moja na ishirini hivi, Kisumu inawameza mara tatu, na tramu yao imeanza kutembea 2014 tu. Kinacholeta wageni ni CLA, kituo cha lugha cha chuo kikuu cha hapo, kilianzishwa 1958 na walimu wengi wa Kifaransa kutoka Afrika wamepitia hapo.

Karibu na nilipokuwa naishi kulikuwa na duka la mkate, mwenyewe mama wa makamo, unga umempanda mpaka kwa viwiko. Siku ya kwanza nikamsalimia (salamu kwanza, bila bonjour pale hupewi kitu) nikaomba baguette moja, ule mkate wao mrefu mwembamba, nikijua mambo yameisha. Kumbe ndio yanaanza. Aliuliza unataka ya kawaida ama ya tradition, iliyoiva sana ama isiyoiva sana, na alipoona nimebaki nimekodoa macho akachukua mikate miwili akaishika juu, akagonga ganda la mmoja na ukucha, kok kok, akasema neno lake, akagonga wa pili ambao haukulia, akasema neno lake, halafu akangoja niyarudie. Foleni ilikuwa imefika mlangoni. Hakuna aliyesonya! Mzee mmoja nyuma yangu hata akanisaidia kutamka. Kila asubuhi ikawa ni hivyo, mama ananiongezea swali moja zaidi, na nawaambia hayo maswali yalinisaidia kuliko kitabu cha sarufi nilichobeba kutoka Kenya kikala kilo mbili za begi.

Lakini hata Besançon inaweza kukupita bure, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu mahali pa kulala ni pa muhimu kuliko jina la mji. Shule nyingi hukupa uchague hosteli ya wanafunzi ama familia ya kukupokea. Hosteli ni nafuu na ina uhuru wake, unapika saa unayotaka, unaingia saa unayotaka. Shida yake ni kwamba Wakenya tukipangwa korido moja tunajipata jioni tuko jikoni, Kiswahili na Kijaluo na kicheko mpaka usiku, raha kweli kweli, na Kifaransa kimelala mezani pamoja na daftari. Walio hosteli mwaka wangu walijaribu kuweka faini kwa anayeongea Kiswahili baada ya darasa. Haikufika Ijumaa.

Mimi nilikaa kwa familia, yaani mama mjane aliyestaafu, tulimwita Madame mwanzo mpaka mwisho. Chakula cha jioni kwake hakikimbizwi, kwanza saladi, halafu chakula chenyewe, halafu jibini peke yake na mkate, halafu tunda, na kati ya kila sahani ni stori, na kila nikikosea jinsia ya neno, nikisema le mahali pa la, anarudia sentensi yangu yote ikiwa imenyooka bila kunikatiza, anaendelea kukata mkate. Kuna jibini la kwao linaitwa cancoillotte, ni la majimaji, linapashwa moto linamiminwa juu ya viazi vya kuchemsha pamoja na soseji ya kuvutwa moshi. Harufu yake ilinishinda siku ya kwanza. Wiki ya pili nikawa naongeza. (Soseji ni ya nguruwe, kama huli sema mapema kwa fomu, hawakasiriki, wanapanga kitu kingine.)

Ugali? Sahau kidogo. Paris ukienda mtaa wa Château Rouge utapata vyakula vya Afrika vya kila aina, lakini mji mdogo utaishia kununua unga wa polenta kwa supamaketi, ni mahindi ndio lakini chembe zake kubwa, unasonga na unasonga na bado inakataa kushikana.

Mahali pa kulala pia panaingia kwa visa, hii wengi hawajui. Ufaransa kwa visa ya muda mfupi wanataka uonyeshe pesa za kukutosha kila siku: yuro 65 kama umeshalipia hoteli, 120 kama huna pa kulala panapojulikana, na 32.50 kama kuna mwenyeji aliyekuchukulia barua ya kukupokea kwa ofisi ya meya, barua ambayo yeye ndiye anailipia. Zidisha hizo na siku zako zote uone tofauti, ni pesa ya kununua ng'ombe. Familia za kulipia kupitia shule mara nyingi zinakuja na barua ya shule tu, kwa hivyo uliza mapema ni karatasi gani watakupa, na kama una skolashipu hakikisha barua yake inasema wazi nani analipa kulala na nani analipa chakula. Visa yenyewe ni yuro 90 tangu Juni 2024, bima ya safari lazima ifike yuro 30,000, maombi yanafunguka miezi sita kabla ya safari na yanafungwa siku 15 kabla, na alama za vidole ni Nairobi, kwa hivyo piga hesabu ya basi la usiku kutoka Kisumu, kwenda na kurudi.

Miji mingine kwa ufupi. Vichy ina CAVILAM, kituo cha kufundisha Kifaransa cha tangu 1964, inafaa sana walimu, mji wa maji ya madini, watu 25,000 hivi, saa mbili usiku mji umeshalala, kama wewe ni wa kutoka jioni utachizi. Tours kila mtu atakuambia Kifaransa chake ndio safi kuliko vyote, mimi hiyo hadithi hainishughulishi, lakini mji ni mzuri na treni kutoka Paris ni saa moja na kitu. Lyon ni kubwa, bado ni afadhali kuliko Paris kwa mtu ambaye kijiji kitamkaba roho. Nice ni bahari na watalii, nyumba za Julai zina bei ya watu wa likizo, nenda ukiwa na pesa za kuchezea. Grenoble wanaiuza na picha za milima yenye theluji mpaka unadhani utatetemeka Agosti, kumbe mji wenyewe uko chini kwa bonde na joto linakaa humo humo.

Na hilo joto msilichezee, watu wa Kisumu, najua mnacheka. Joto letu lina upepo wa ziwa na saa moja jua limeenda. Kule mwezi wa saba mwanzoni, saa tatu na nusu usiku jua bado liko dirishani, ukuta umekipika chumba tangu asubuhi, na hosteli nyingi hazina hata feni. Agosti ya 2003 joto liliua watu kama 15,000 Ufaransa nzima, wengi wao wazee. Omba chumba kisichotazama magharibi, inaonekana ni kujidai lakini omba. Na ukiwa Mwislamu ujue swala ya magharibi ni hiyo saa tatu na nusu kupita, isha ni baadaye sana, na darasa asubuhi halikungoji.

Kabla hujaandika mji wowote fungua pia kalenda yake. Avignon mwezi wa saba kuna tamasha la michezo ya kuigiza tangu 1947, vyumba vinapanda bei na vinaisha. Wale wa Kiingereza na fasihi mnaotaka Edinburgh kule Uskoti, Agosti nako ni tamasha hivyo hivyo, na huko kumbuka ni visa nyingine kabisa. Wa Kifaransa visa yenu inawaingiza hata Uswisi, kwa hivyo ukiwa Besançon Jumamosi moja ya kwenda kuona upande wa pili iko ndani ya uwezo wako, mradi visa yenyewe isiwe ya kuingia mara moja halafu ukatoka kwenda London.

Jumapili za mji mdogo ni ndefu, sitawaficha. Maduka yamefungwa, basi moja moja, Jumatatu asubuhi pia mengine bado yamefunga, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu. Nunua chakula Jumamosi. Hiyo ndio siku utakumbuka nyumbani sana, na ndio siku nzuri ya kukubali mwaliko wowote, hata wa kuchuma matunda kwa shamba la mpwa wa jirani wa Madame, mimi nilienda, nikarudi nimejifunza matusi mawili na majina ya miti.

Wadada, sukeni Kisumu kabla ya kuondoka, na msuke za kukaa. Paris kuna mtaa wa Château d'Eau, saluni za Kiafrika zimepangana barabara nzima, lakini miji midogo utazunguka utafute, na ukipata, bei utakaa chini kwanza. Adapta ya ncha mbili za duara pia nunua huku. Halafu ratiba ya mitihani: semesta zetu mnazijua, usithibitishe tarehe za Julai kabla idara haijakupa kwa maandishi kwamba hutakuwa na mtihani wiki hiyo.

Sasa nani aende Paris? Kama unaenda kwa ajili ya kutafiti nyaraka za kale, ama mitindo ya mavazi, ama una dada yako huko wa kukulaza bure mwezi mzima, nenda bila wasiwasi, bure ni bure. Wengine wote, andikieni shule email mkiuliza darasa lina watu wangapi, chakula cha jioni ni wapi, na Jumapili kuna basi, na muandike kwa Kifaransa hata kama kimepinda, wamezoea.